Kikao cha Ijumaa saa saba

Kwa miaka sita nimefanya kazi katika ofisi ya wakala wa forodha huku Kurasini, Dar es Salaam, na kwa muda mrefu niliamini kwamba sisi ni mfano mzuri wa mchanganyiko wa watu. Tulikuwa na Wapemba, Wasukuma, Wachaga, Wahindi waliozaliwa Upanga, na wazee waliojifunza kazi hii enzi za karatasi za kaboni. Hata hivyo, kikao cha kupanga kazi ya wiki kilifanyika Ijumaa saa saba mchana, wakati karibu nusu ya wenzetu wako msikitini, na waliporudi walikuta majukumu yameshagawanywa.

Hawakulalamika. Walivunjika moyo tu, wakafanya walichoagizwa bila kuongeza neno, na ndani ya mwaka mmoja wazoefu watatu wakaaga. Watafiti Meyer na Allen walieleza mwaka 1991 kwamba mtu hubaki kazini kwa kuipenda, kwa kuona ni wajibu wake, au kwa kuhofia hasara ya kuondoka. Wenzetu hao walikuwa wamebakiwa na ile hofu peke yake, nayo iliisha siku walipopata kazi kwingine.

Baada ya hapo kikao kilihamishiwa Jumanne asubuhi. Dada mmoja wa kitengo cha nyaraka, ambaye ni kiziwi na ambaye zamani alipewa muhtasari baadaye, sasa huketi na mwenzake anayejua lugha ya alama. Jumanne ya pili alinyoosha mkono, akazungushia kalamu nyekundu uzito ulioandikwa kwenye hati ya shehena, ambao haukulingana na ankara. Alishaliona kosa hilo mara kadhaa kutoka kwa msafirishaji yuleyule, ila hakuna aliyewahi kumuuliza. Kontena lingekwama bandarini, na gharama za hifadhi huhesabiwa kwa siku.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Ni jambo jema, na nalitetea, lakini dada yule alikuwa ameshahesabiwa miaka yote ambayo hatukumsikia.

Kikao cha Jumanne huanza saa mbili kamili, na kina mama wanaotoka Chanika na watoto wachanga hukikuta kimefika katikati. Nimeshamwandikia meneja kuomba kisogezwe hadi saa nne.