Kuvizia garimoshi la mvuke kwenye theluji ya Brocken

Tulikwenda kupiga picha za garimoshi la mvuke linalopanda Brocken, mlima wa Ujerumani. Tulipanda garimoshi la asubuhi mjini Wernigerode, tukashuka kituo cha Schierke, mita 688 juu ya usawa wa bahari. Abiria wengi huendelea hadi kituo cha Brocken, mita 1125, ila kileleni mara nyingi ni ukungu mtupu. Picha ziko huku katikati, reli inapopanda mita 1 kwa kila mita 30 na injini inahema kwelikweli.

Ni injini nyeusi za miaka ya 1950, magurudumu kumi ya kuendesha, kwenye reli ya upana wa mita moja. Zikipanda hutanguliza dohani. Zikishuka hurudi kinyumenyume, mvuke umefungwa, hakuna cha kupiga. Tulivizia la kupanda tu, tukifuata njia ya miguu ya Eckerlochstieg mpaka inapokatiza reli. Hiyo ni hifadhi ya taifa: hutoki njiani, wala husimami kwenye mataruma.

Baridi ndiyo inayotengeneza picha. Mvuke wenyewe hauonekani. Kinachoonekana ni matone baada ya kupoa, na kwenye nyuzi 8 chini ya sifuri unapoa papo hapo, ukajiviringisha mweupe, mnene. Ubaya ni upepo. Ukikuvumia kutoka ng'ambo ya reli, wingu lote linakuangukia na injini inamezwa. Tulirusha konzi ya theluji laini hewani, tukaona inakoelekea, tukahamia upande upepo unakotoka.

Kamera ikiachiwa ijipimie, theluji hutoka ya kijivu. Chini ya mawingu tuliweka wenyewe: kasi ya shata 1/500 ya sekunde, tundu la lenzi f/5.6, wepesi wa kuhisi mwanga ISO 400, tukajaribu kwanza kwenye theluji tupu. Shata ikiwa polepole zaidi ya hapo, fito za magurudumu hufifia, hata kama garimoshi linajikokota. Fokasi tuliifunga kwenye taruma moja lililochungulia theluji, kwa sababu fokasi inayojiendesha yenyewe hukimbilia mvuke. Firimbi ikisikika, betri yenye joto itoke mfuko wa ndani, iingie kwenye kamera. Na usipumulie kitafutio, kile kidirisha cha kuchungulia: kinaganda barafu, na kukifuta kwa glavu ni kukipaka tope.

Kosa la mwisho hufanyika ndani ya behewa lenye joto, maji yanapojikusanya kwenye lenzi baridi. Funga kamera kwenye mfuko usiopitisha hewa ukiwa bado nje, usiufungue mpaka ipate joto la behewa. Kadi ya picha itoe mapema, la sivyo utafika Wernigerode hujaona hata picha moja.