Leso ya Kumjibu Wifi

Ukisema kalamu imegoma, kila mtu ana dawa yake, na hapa Mombasa dawa ya kwanza ni bahari. Nenda Lighthouse, utaambiwa, kaa utazame meli zikiingia Kilindini, maneno yatakuja yenyewe. Mie nikikaa kule huja mihogo ya kukaanga na pilipili ya ndimu, huja madafu, huja jirani anayetaka habari za nyumbani. Hadithi haiji.

Nayo hadithi nilikuwa nayo tangu kabla ya Ramadhani. Ukurasa wa kwanza una jua likichomoza baharini mbele ya Ngomeni, yaani Fort Jesus, una kunguru, una harufu ya iliki. Ukurasa wa pili hakuna.

Aliyenifungua ni mama mmoja Biashara Street. Nilikwenda kutafuta doti ya leso, yaani kanga, ya harusi, nikamkuta ameketi, kijana wa duka amemfunulia leso mpaka meza haionekani. Rangi hazimshughulishi. Anasoma majina, yale maneno yaliyochapwa kwenye leso.

"Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu? La, hiyo ya wasichana wenye wachumba." Akaisukuma. "Sisi sote abiria dereva ni Mungu. Hii niwekee, nitampa mama mkwe."

"Sasa mama, wataka isemeje?"

"Nataka wifi yangu aisome mie nimempa mgongo, na asiweze kunishitaki kwa kaka yake."

Kijana hakucheka. Alipanda ngazi akashusha bunda jingine, maana hiyo kwake ni oda kama oda nyingine. Na mama alijua asemalo: jina la leso hukaa juu ya pindo la chini, ukijifunga huja nyuma. Mvaaji halioni. Msomaji ni yule aliye nyuma yako, na huyu mama alishampangia wifi yake hata pa kusimama.

Nikaufikiria ukurasa wangu wa jua na kunguru. Nani alikuwa anaambiwa? Hakuna mtu.

Washairi wetu walilijua hili zamani. Muyaka bin Haji, wa Mvita, Mombasa hii hii, tungo zake nyingi ni majibu. Miaka ya 1810, Mombasa na Lamu zilipogombana mpaka vita vya Shela, yeye huku na Zahidi Mngumi, mshairi wa Lamu, kule walirushiana beti. Ukishatukanwa kwa vina, huna nafasi ya kungoja hamu ije. Mji mzima wangoja jibu lako. Tena hakuwa akiandikia kitabu. Diwani yake ilichapishwa 1940, kama miaka mia baada ya kufa kwake.

Mie sina adui wa Lamu, nina khalati, dada wa mama, Malindi. Huyo humwambii habari ukamaliza sentensi, yuko na "ehe, ikawaje?" tangu nikiwa mdogo. Basi nikaacha kompyuta, nikamrekodia hadithi kwenye WhatsApp, kipande kipande, kama umbea. Jua nililiruka, kwani angeniuliza jua lina nini. Nikaanza na mwanamume aliyerudi kwao Kibokoni usiku na sanduku tupu.

Jibu lilikuja kabla sijaweka simu chini: "Na kazi yake?"

Nikamfanya nahodha wa jahazi. Akakataa, jahazi gani siku hizi la kumtajirisha mtu akaonewa wivu? Nikamfanya karani wa kutoa makontena bandarini. Hapo akanyamaza kidogo, halafu: "Eeh. Basi huyo ana deni la mtu."

Deni sikuwa nimelipanga. Sasa nasikiliza rekodi na kuandika, nikiacha maswali yake pembezoni kwa kalamu nyekundu. Lililobaki bila jibu ni moja, la mwenye kudai. Khalati ashika kwamba ni shemeji mtu. Mie nataka awe mamake, na leo usiku nitamrekodia hivyo hivyo, tugombane.