Picha ikitoka safi na maumivu yakabaki

Mteja akiniambia, "Fundi, hapa usinibane sana, hapa chini huniuma," siwezi kuendelea kumpima kimya. Humuuliza ameumwa tangu lini, na jibu huwa ni miaka. Wengi wamemeza antibiotiki mpaka wanazijua kwa rangi. Wameambiwa ni PID (maambukizi ya viungo vya uzazi), ni mawazo mengi, ni kwa vile hujazaa, au ni kwa vile umezaa. Mimi pia nimeambiwa hayo yote, na kibanda changu cha kushonea nguo kiko Umoja, Nairobi, mahali ambapo huwezi kutembea dakika tano bila kupita kliniki.

Maumivu ya chini ya kitovu, kwenye kinena na nyonga, yakidumu miezi sita na zaidi, huhesabiwa kuwa sugu. Si lazima yafuate hedhi. Yangu yalianza na hedhi, kisha yakaenea: katikati ya mwezi, nikienda haja, kwenye tendo la ndoa, mwishowe hata nikikaa tu. Kwenye matatu ya Jogoo Road niliyajua matuta yote, nikawa najiinua kwa mikono kabla gari halijayafikia.

Kila nilipokwenda kliniki nilirudi na bahasha ya dawa za PID. Ugonjwa huo upo, tena ni mbaya. Maambukizi yakipanda hadi kwenye mirija ya uzazi yanaweza kuiziba na kuacha makovu yanayouma baadaye. Lakini mtu anayetibiwa jambo lilelile kila mara, hana homa, hatokwi na uchafu, wala hajapimwa, anastahili kuulizwa swali lingine. Hilo bado linanikera. Dada zetu wanaharibiwa matumbo na dawa kwa sababu hakuna aliyekaa chini akawasikiliza.

Aliyeniuliza ni daktari wa wanawake mjini, niliyefika kwake kwa kuelekezwa na shemeji yangu. Aliuliza kuhusu mkojo, choo, mgongo, upasuaji wa zamani, tendo la ndoa, hata kazi yangu. Kibofu kinaweza kuuma bila maambukizi, utumbo unaweza kusokota na kujaa gesi, mishipa ya fahamu inaweza kubanwa, na vyote hivyo mgonjwa huvisikia pale pale chini. Akaishika picha yangu ya ultrasaundi na kusema, "Mama, picha ni safi, lakini hiyo haimaanishi huumwi."

Alikuwa anafikiria endometriosi, yaani tishu inayofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi kuota nje ya mfuko. Ikiwa ni vidoa vidogo vilivyotandaa juu juu, picha ya ultrasaundi mara nyingi haivioni. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba inawapata karibu asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, watu kama milioni 190. Hapa kwetu wengi walilisikia jina hilo kwa Njambi Koikai, mtangazaji wa rege, ambaye yake ilifika hadi kwenye mapafu. Aliaga dunia Juni 2024, na namshukuru kwa kuyasema hadharani mambo tuliyofundishwa kuyanong'ona.

Nilipewa vidonge vya homoni vya kuzuia hedhi, baadaye nikafanyiwa laparoskopi: vitundu vidogo tumboni, kamera ikaingizwa, vidoa vikaonekana na kuondolewa. Maumivu ya hedhi yalipungua sana. Ila kukaa bado kuliniuma, na hapo ndipo nilipotumwa kwa fizio, mtaalamu wa kutibu misuli kwa mikono na mazoezi.

Mama huyo alinieleza kila hatua kabla ya kunigusa, akaniomba ruhusa, akasema nikisema basi, ni basi. Alivaa glavu, akaingiza kidole kimoja ukeni, akabonyeza ukuta wa kushoto taratibu, kama mtu anayejaribu parachichi sokoni. Maumivu yangu yakaja yote: kinena, tako, mpaka pajani.

"Ni haya?"

"Ni hayo hayo."

Ilikuwa misuli. Ile inayobeba kibofu, mfuko wa uzazi na utumbo kutoka chini. Mtu akiumwa muda mrefu hujikaza bila kujua, misuli ikazoea kukaza, na mkazo wenyewe ukawa maumivu mapya. Mishipa ya fahamu nayo, ikishabeba habari za maumivu kwa miaka, huwa mikali, na kitu kidogo hukifanya kikubwa. Ndiyo maana kidonda kinaweza kuondolewa na mtu akaendelea kuumwa, wala hajitungii.

Akataka nimwonyeshe ninavyokaa kwenye cherehani. Nikakaa ukingoni mwa kiti, mguu mmoja kwenye kanyagio, tumbo nimelivuta ndani. "Mamangu, hata taya umekaza," akasema. Tukaanzia hapo: kukaa nyuma kitini, kuacha tumbo litoke, kuvuta pumzi polepole hadi nisikie huko chini kunashuka na kulegea. Nikaacha pia kubana mkojo nusu siku kwa sababu choo cha soko kiko mbali. Alinionya kuhusu yale mazoezi ya kukaza uke yanayosambazwa mitandaoni. Huwafaa wengine, lakini kwa misuli iliyokwisha kukaza yanaweza kuongeza maumivu.

Usiku daktari alinipa amitriptilini ya kiwango kidogo, ya kutuliza mishipa. Gabapentini, dawa nyingine ya mishipa ya fahamu, nimeona watu wakiuziana kama peremende. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa 2020, kwa wanawake zaidi ya 300 ambao laparoskopi haikuwaonyesha chanzo, ulikuta haizidi kidonge kisicho na dawa, na iliwaletea usingizi na kizunguzungu.

Ila kuna maumivu yasiyongoja fizio. Yakija ghafla na huenda una mimba, ukizimia, ukiwa na homa na kutapika, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Kutokwa damu baada ya hedhi kukoma kabisa, damu kwenye choo, au kukonda bila sababu, usikae nako nyumbani.

Mimi bado kuna siku naumwa, hasa Januari, sare za shule zinaporundikana na nikashinda kitini. Mwaka huu nimewaambia wazazi walete vitambaa mapema, Novemba, na kila nikimaliza sketi moja nasimama, natembea hadi kwa muuza mboga na kurudi kabla ya kushika nyingine.