Siku yangu idara ya dharura: si kila anayepepesuka amelewa

Saa 1:30 asubuhi napokea ripoti ya wenzangu wa usiku. Mimi ni muuguzi, hospitali ya wilaya. Nakagua oksijeni na mashine ya kufyonza makohozi, halafu zinafuata homa, vidonda na watoto wa pumu hadi saa 4.

Saa 4 na kitu wanaingia kijana na kaka yake. Kijana anapepesuka, ulimi mzito, ametapika njiani.

"Sista, kalewa huyu. Mtundikie dripu pombe imtoke, nina kazi."

Hanuki pombe. Sukari iko sawa, kipimo cha malaria hakina kitu. Namwambia afuate kidole changu kwa macho: kila akitazama pembeni, mboni zinachezacheza. Anatumia dawa gani? Kaka mtu anang'aka, "Tumekuja kutibiwa, siyo kuhojiwa!" Nauliza tena, na tena, huku foleni inanung'unika. Kumbe anaona haya kutamka kifafa mbele za watu. Mpaka nilipomvuta kando ndipo akampigia mama yao.

Mama anafika na pakiti mbili. Ya zamani ni fenitoini, dawa ya kifafa, vidonge vya miligramu 50, viwili asubuhi, viwili jioni. Ya duka jipya ni ya miligramu 100, na kijana kaendelea na viwili viwili kwa wiki mbili. Hakuna aliyemwambia kuwa sasa anameza dozi mara mbili. Ini lina kikomo cha kuiondoa dawa hii. Ukikipita, hata nyongeza ndogo huipandisha sana kwenye damu, na kushuka kwake huchukua siku kadhaa.

Daktari anaisimamisha. "Hamna sindano ya kuiondoa?" Hamna, kaka. Kuna kumlaza, kupandisha vizuizi vya kitanda asianguke, kutompa chakula hadi ameze vizuri, na kupima pumzi, mapigo na fahamu kila saa. Anataka kuondoka naye. Nimembembeleza mpaka sauti ikakauka, mama akaamua: anabaki.

Sijui mchana umeishia wapi. Sijala, miguu inawaka, lakini kila saa nimesimama kitandani pale, na ninajivunia hilo. Wanaosema kazi yetu ni kuchoma sindano tu waje wasimame nami.

Jioni anataja jina lake bila kukwama, ingawa bado anayumba akikaa. Kwenye ripoti nimemwandikia mwenzangu wa usiku kwa herufi kubwa: ASIPEWE FENITOINI. Akipata degedege, diazepamu, na daktari aitwe. Pakiti zote mbili nimezibandika kwenye faili lake.