Mawimbi ya Redio Juu ya Mkondo wa Pemba

Hapa Wete redio ndogo ya FM hukamata stesheni za Tanga, na usiku mwengine hata za Mombasa, sauti ikiwa safi kana kwamba mtambo uko Chake Chake. Wengi husifu redio yenyewe au urefu wa antena. Vyote viwili vina sehemu yake, lakini kwa maoni yangu sifa kubwa ni ya hewa iliyotanda juu ya bahari, nayo haisemwi vya kutosha.

Mawimbi ya FM, kati ya megahezi 88 na 108, kwa kawaida hayarudishwi na anga la juu. Huenda mbele mpaka mviringo wa dunia uyafiche. Hata hivyo hayaendi kwa mstari ulionyooka kabisa, kwa sababu hewa ya chini ni nzito kuliko ya juu, na tofauti hiyo huyapinda kidogo kuelekea ardhini. Lau kusingekuwa na hewa, mnara wa mita 100 ungefikisha mawimbi kilomita 36 hivi. Kwa kupinda huko hufika kama 41. Msikilizaji aliyeinua antena yake mita 10 huongeza kilomita 13, jumla 54. Na kutoka Tanga hadi Wete ni takriban kilomita 70.

Pengo hilo huzibwa na minara iliyosimamishwa juu ya vilima, na pengine na bahari yenyewe. Usiku ukiwa shwari, hewa iliyogusana na maji hujaa unyevu, ilhali iliyo juu yake huwa kavu na yenye joto zaidi. Wimbi likiingia hapo hupindwa kwa nguvu kiasi cha kuufuata mviringo wa dunia, likapita kama maji ndani ya mfereji hadi mbali sana. Upepo ukivuma kwa nguvu, hewa huchanganyika, na stesheni ya Mombasa hupotea katikati ya taarifa ya habari.

Masafa ya kati na masafa mafupi yana njia nyengine. Kuanzia kilomita 60 hivi kwenda juu, mwanga mkali wa jua hung'oa elektroni kutoka katika chembe za hewa, na eneo hilo huitwa ionosfia. Mchana tabaka lake la chini, D, humeza mawimbi ya kati. Jua likishatua tabaka hilo hudhoofika upesi, na mawimbi huyafikia matabaka ya juu, E na F, yakarudishwa ardhini mamia ya kilomita mbali. Wanasayansi Arthur Kennelly na Oliver Heaviside walilikisia anga hili mwaka 1902, baada ya Marconi, mwanzilishi wa mawasiliano ya redio, kutangaza kwamba tarehe 12 Desemba 1901 alinasa huko Newfoundland, ng'ambo ya Atlantiki, ishara iliyotoka Poldhu, Uingereza. Edward Appleton alilithibitisha kwa majaribio aliyoyaanza 1924, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1947.

Mtambo wa masafa mafupi wa Dole, Unguja, unajulikana kwa wasikilizaji wa Ulaya kwa kilohezi 11735. Linalonivutia hapa ni kwamba wimbi la namna hiyo hupaa hadi tabaka la F, kama kilomita 300 juu, kisha hutua mbali, na baina ya linapofifia wimbi la ardhini na linapotua lile la angani hubaki eneo lisilosikia kitu. Hivyo mtu wa Ulaya anaweza kuisikia Zanzibar vizuri wakati aliye bara, karibu zaidi, anapata mkwaruzo tu.

Sisi tulio karibu na ikweta tuna shida yetu mahususi. Baada ya magharibi, hasa karibu na Machi na Septemba katika miaka ambayo jua lina madoa mengi, ionosfia hutoboka mapovu yenye elektroni chache, na ishara za GPS zinazopita humo hutetereka. Nahodha anayevuka mkondo saa mbili au saa tatu za usiku akiona nafasi ya chombo chake inarukaruka kwenye kioo, asikimbilie kukilaumu kifaa. Aitazame dira, na baada ya saa chache mapovu hayo hutoweka.