Yeye Alitaka Bahari, Mimi Nilitaka Mto: Kwa Meli Kutoka Luxor hadi Aswan

Ubishi wetu ulichukua masika yote. Mzee wangu, yaani mume wangu, alistaafu kwenye karakana ya vivuko, mimi kwenye darasa la jiografia, wote hapa hapa Mwanza, na tulikuwa tumekubaliana jambo moja tu: sehemu ndogo ya mkupuo wangu wa kustaafu itatutoa nje ya nchi kwa meli. Kwa nini meli? Kwa sababu ukishafungua sanduku, umefungua. Chumba chako ndicho kinachosafiri, wewe unalala. Kwa miguu iliyosimama mbele ya ubao tangu ujana, hilo si jambo dogo.

Yeye alitaka Mediterania. Alikuwa ameona tangazo la meli inayobeba watu zaidi ya elfu tano, inatoka Barcelona, inapita Marseille, Genoa, bandari ya jirani na Roma, Palermo, inarudi. Usiku saba. Mimi nilitaka Nile, kule Misri, kutoka Luxor hadi Aswan, usiku nne. Akapiga hesabu kwenye simu, bei ya usiku mmoja ya meli kubwa ikatoka karibu sawa na ya meli ndogo ya mtoni, akaniangalia kama mtu aliyeshinda kesi mahakamani.

Nikaleta daftari la kaunta. Bei ile ya tangazo ilikuwa ya chumba cha ndani kisicho na dirisha, tena ni kwa kila mtu mkilala wawili. Anayesafiri peke yake mara nyingi hulipa karibu nauli ya watu wawili, jambo ambalo wenzetu wajane hulijua baadaye sana. Meli nyingi kubwa hutoza ada ya huduma kwa kila kichwa kila siku. Soda ni kando, intaneti kando, matembezi ya bandarini kando. Na Roma yenyewe haiko bandarini. Meli inafunga Civitavecchia, kutoka hapo ni treni ya kama saa moja, na mchana wenyewe ndio huo huo wa kwenda, kushangaa na kukimbilia kurudi. Juu ya yote, viza ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya: euro 90 kila mmoja, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, taarifa za benki, safari ya Dar kuweka alama za vidole. Kama ratiba inatoka nje ya eneo hilo hata kwa siku moja, tuseme kuingia Tunis kule Tunisia, unahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Tulipofika chini ya ukurasa, meli kubwa ilikuwa imetuzidi mbali.

Nile nayo ina ya kwake. Milo yote mitatu huwa ndani ya bei, na wakala mzuri huingiza mwongozaji na viingilio vya mahekalu. Vinywaji na bakshishi havimo. Ndege ni ya moja kwa moja kutoka Dar hadi Cairo, kisha nyingine ya kama saa moja hadi Luxor. Pauni ya Misri ilishuka thamani ghafla Machi 2024, kutoka kama 30 kwa dola hadi karibu 50, kwa hiyo mwenye dola mfukoni anapumua. Viza tuliombea Dar, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano tukaibeba pamoja na pasipoti.

Mzee akatafuta ramani. "Mwalimu, Luxor hadi Aswan ni kilomita 215. Hiyo si Bukoba tu? Meli ya Victoria inakufikisha kwa usiku mmoja."

Ni kweli. Na wanaouza safari hizi hawalisemi kwa sauti kubwa: muda mwingi meli ya Nile imefungwa gatini. Usiku wa kwanza pale Luxor hatukusogea hata hatua.

Hilo la gatini ndilo lililotushtua mwanzoni. Meli zinafungwa ubavu kwa ubavu, tano, sita, na ukifika unaingia ya kwanza, unapita sebule yake, unatokea mlango wa pili, unaingia ya pili, hadi ufike yako. Yetu ilikuwa ya nne. Kila sebule ilikuwa na zulia lake na manukato yake, na wahudumu wake wanaokukaribisha kama mgeni wao, ilhali unapita tu na mkoba. Chumbani nilivuta pazia la dirisha tuliloligombania miezi yote ile, nikakuta, umbali wa mkono, mzungu mmoja mzee kwenye meli ya jirani, kavaa singilendi, anapiga mswaki. Akaniinamishia kichwa. Nami nikamwinamishia. Mzee wangu alikuwa ameshatega sikio kwenye jenereta. "Hiyo ya kushoto inahitaji kufanyiwa matengenezo," akasema, akalala fofofo. Anayependa hewa safi asilale karibu na nyuma ya meli. Aombe chumba cha ghorofa ya juu, aulize pia kama meli ina lifti, maana nyingine hazina.

Hekalu la Karnak, pale Luxor, ni kubwa mno kulielezea, ukumbi wake una nguzo 134 na shingo inauma. Bonde la Wafalme ni ngazi za kushuka na kupanda kwenye joto la makaburi. Niliingia moja, nikawaachia vijana mengine. Lakini kwenye hekalu la Malkia Hatshepsut, ng'ambo ya magharibi, nilimgomea mwongozaji aliyetaka tuendelee. Upande wa kushoto wa baraza ya katikati kuna ukuta uliochongwa safari ya kwenda nchi ya Punt, miaka kama 3,500 iliyopita. Wataalamu wengi wanaiweka Punt upande huu wetu wa Afrika, kusini mwa Bahari ya Shamu, kati ya Sudan, Eritrea na Somalia. Ukisogea karibu unaona nyumba za watu wa Punt zimesimama juu ya nguzo na ngazi ya kupandia. Unaona wapagazi wamebeba miti ya ubani na mizizi yake ndani ya vikapu, na meli zimeshehenezwa hadi nyani wanapanda kwenye kamba. Chini ya meli, samaki, kila mmoja na mapezi yake. Mchongaji hakuwa mtu wa haraka.

"Hawa nao walilinganisha bei?" mzee akauliza.

Meli iling'oa nanga mchana, na hapo ndipo nilipojua nimechagua vizuri. Baharini ufuko ukishapotea unabaki na bwawa la kuogelea na jukwaa la muziki. Mtoni ng'ambo zote mbili ziko nawe. Tulikaa sitaha ya juu, vikombe vya chai mkononi, na maisha ya watu yakawa yanapita: mama anaosha masufuria kwenye ngazi ya mawe, punda wamebeba miwa, watoto wanapunga mikono, kisha mstari wa mitende na nyuma yake, ghafla kabisa, jangwa. Miaka yote nilichora ubaoni kile kipande chembamba cha kijani. Sikujua kuwa ni chembamba hivyo. Mahali pengine mtu angeweza kuvuka shamba lake lote huku chai yangu bado ya moto.

Kabla ya Esna walitokea wafanyabiashara. Niliwasikia kabla sijawaona, "Madam! Madam!", nikachungulia chini nikakuta mashua ndogo ya makasia imejifunga kwenye meli yetu kwa kamba, na meli inakwenda. Vijana wawili ndani wamesimama, wanatandaza kanzu na vitambaa vya meza, hawayumbi. Wakatuita Wasudani. Kisha mfuko wa plastiki ukaruka ghorofa zote zile ukatua miguuni pa mzee, ndani kanzu ya buluu. Mwingine ulitua kwenye bwawa la kuogelea. Bei ilianza pauni 800. Mzee, ambaye amenunua vipuri Kariakoo tangu ujana wake, akainama kwenye ukingo akaonyesha vidole vitatu. Kijana akashika kichwa kwa mikono miwili kama aliyefiwa. Wakabishana kwa vidole na kelele, huku kanzu tayari iko kwetu na wao wako chini hawana cha kutushikia. Biashara yote inaendeshwa kwa imani. Walifikia 350. Mzee akafunga noti ndani ya mfuko ule ule, akautupa, kijana akaudaka kwa mkono mmoja.

Esna penyewe kuna banio la maji. Meli zinaingia mbilimbili kwenye chumba cha zege, lango la nyuma linafungwa, maji yanaingizwa, na meli inainuliwa taratibu hadi usawa wa mto wa juu, halafu lango la mbele linafunguka. Ilikuwa usiku. Abiria wengi walikuwa kwenye chakula, mimi na mzee tulikuwa ukingoni tunatazama ukuta wenye ukungu wa kijani unavyozama, kiasi cha kuugusa.

Edfu hekalu ni zuri na kamili kuliko yote, lakini kutoka gatini wanakupeleka kwa mikokoteni ya farasi, na farasi tuliopewa walikuwa wamekonda kiasi kwamba nilikataa kupanda. Omba gari mapema. Kom Ombo tulifika jioni, hekalu limewashwa taa juu kabisa ya kona ya mto. Nusu yake ni ya Sobek, mungu mamba, na pembeni kuna makumbusho yenye mamba waliokaushwa na kufungwa sanda, wamepangwa kwenye kioo. Kwetu ziwani kuna familia ambazo mamba amewachukulia watu wao. Mzee aliwatazama kwa muda mrefu, mikono nyuma. "Kumbe hawa wana mazishi," akasema, akatoka nje.

Aswan ndiyo niliyoijia. Kwa miaka mingi niliandika ubaoni "Faida na Hasara za Bwawa Kuu la Aswan": lilijengwa 1960 hadi 1970, kimo mita 111, mitambo 12, megawati 2,100. Ukisimama juu yake, ukweli ni kwamba huoni kitu cha ajabu. Ni barabara pana juu ya kilima cha mawe, upande mmoja Ziwa Nasser, upande wa pili mto. Lakini mwongozaji aliposikia sisi ni Watanzania alifurahi kuliko sisi: kampuni za Kimisri, Arab Contractors na Elsewedy Electric, ndizo zilizojenga Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji. Nikamwambia letu ni megawati 2,115. Akacheka, akasema hizo 15 za juu ni zawadi yao.

Hasara niliikuta alasiri, kwenye mashua ya tanga kuzunguka Kisiwa cha Elephantine. Nahodha alikuwa Mnubi wa makamo, Kiingereza chake cha watalii lakini kinaeleweka. Kijiji cha bibi yake kiko chini ya ziwa. Mwaka 1963 na 1964 Wanubi wapatao 50,000 wa upande wa Misri walihamishiwa kwenye vijiji vipya karibu na Kom Ombo, mbali na mto, watu waliozaliwa na kulelewa mlangoni pa maji. Bibi, alisema, aliondoka na ufunguo wa nyumba. Katika daftari za wanafunzi wangu habari hiyo ilikuwa mstari mmoja: kuhamishwa kwa watu, maksi moja.

Akatuuliza tunatoka wapi. Mzee akamwambia, Mwanza, kwenye Ziwa Victoria. Nahodha akagusa maji. "Basi maji haya mmetuletea nyinyi."

Nikaanza kumweleza kwamba maji mengi yanayofika Misri hutoka nyanda za juu za Ethiopia, na kwamba yetu hupotea kwa wingi kwenye vinamasi vya Sudan Kusini, kabla mzee hajanikanyaga mguu. "Mwalimu," akaninong'oneza, "mwache mtu afurahi."

Kwenye mahekalu ya Farao Ramses kule Abu Simbel nilikwenda peke yangu, mzee alikataa kuamka saa tisa usiku. Ni kilomita 280 za jangwa, gari linaondoka saa kumi alfajiri. Kati ya 1964 na 1968 waliyakata mahekalu yale vipande vipande, wakayapandisha mita 65 juu ya yalipokuwa ili ziwa lisiyameze, wakayaunga tena. Nilitafuta mishono kwenye shavu la sanamu ya Ramses. Ukiwa na jua la asubuhi unaiona. Ni safari ya kuchosha na ningeirudia kesho.

Usiku wa mwisho tulipewa bili ya vinywaji na bahasha ya bakshishi ya wahudumu wote. Hesabu hizo mbili ziwekwe tangu nyumbani, kwa noti ndogo ndogo, maana kuanzia mbeba mizigo hadi mlinzi wa choo kila mtu anangoja chake. Mzee alidai kuona chumba cha injini kabla ya kulipa, wakamruhusu, akarudi na mafuta kwenye mkono wa shati na urafiki na fundi mkuu. Tulikwenda Novemba, hewa ikiwa nzuri mchana na sweta jioni. Atakayeniuliza nitamtajia mwezi huo au Februari. Bei za Julai ni za kuvutia, lakini Aswan ya Julai hupita nyuzi 40, na kwa mtu wa dawa za presha huo ni mwezi wa kukaa nyumbani.