List<Mkopo> haiwi List<Muamala>, na kompaila ina haki

Kwenye mfumo wa SACCOS ninaoutunza kwa lugha ya programu ya C#, klasi mama ni Muamala, na chini yake zipo Amana na Mkopo. Kila kijana anayeingia kwenye timu hatimaye huniuliza: "Kaka, mkopo si ni muamala? Mbona methodi inayotaka List<Muamala>, yaani orodha ya miamala, inaikataa List<Mkopo> yangu?"

Huwa namwandikia mistari miwili tu (mikopo ni ile List<Mkopo> yake):

List<Muamala> yote = mikopo;
yote.Add(new Amana());

Wa kwanza ukikubaliwa na kompaila, programu inayokagua na kutafsiri kodi, wa pili hauna wa kuuzuia, maana amana nayo ni muamala. Ila "yote" na "mikopo" ni orodha ile ile moja kwenye memori. Usiku kazi ya kukokotoa riba ikipita, inakuta amana ya mama wa watu imekaa katikati ya mikopo.

Arei, zile orodha za urefu usiobadilika, ndizo zenye hila. Mkopo[] inapita kama Muamala[] tangu C# ya kwanza, na Java ni hivyo hivyo. Kompaila inanyamaza, halafu ukiweka Amana humo programu inaanguka ikiwa kazini na ArrayTypeMismatchException (kwenye Java ni ArrayStoreException). Sijawahi kuupenda uamuzi ule.

Wengi wakikataliwa hukimbilia mikopo.Cast<Muamala>().ToList(). Inakubali, lakini hiyo ni orodha mpya: ukiongeza kitu huku, kule hakuna habari. Vilivyomo ndani, hata hivyo, ni vile vile, kwa hiyo ukigusa salio la mkopo mmoja umeligusa kotekote. Hapo ndipo vichwa huuma.

Mimi huanza na anayepokea. Methodi ya ripoti inasoma tu, sasa inadai List ya nini? Iandike ipokee IEnumerable<Muamala>, au IReadOnlyList<Muamala> ukitaka na Count, yaani idadi. Tangu C# 4 ya mwaka 2010, IEnumerable hutangazwa na neno "out": T, yaani aina ya vilivyomo, inatoka tu, haiingii, basi mikopo inapita bila kunakiliwa. Struct, yaani aina za thamani kama int, hazimo kwenye ruhusa hii. List<int> haipiti kama IEnumerable<object>.

Na kutoka miamala kurudi kwenye mikopo? OfType<Mkopo>() huziruka amana kimya kimya, Cast<Mkopo>() ikikutana na moja hurusha InvalidCastException. Kwenye ripoti, ambako najua orodha imechanganyika, natumia OfType. Kwenye riba, ambako amana haitakiwi kuwemo kabisa, naweka Cast, ilipuke mbele ya macho yangu.